Waliokaa Katika Nyumba ya Mwashi Graff

Katika miji yetu ya kale, Lamu, Mombasa na Malindi, hakuna mtaa usio na nyumba ya kuonyeshwa. Mzee akipita na mjukuu wake huinua bakora, akaelekeza mlangoni, akasema: hapa ndipo. Hapa ndipo alipokaa kadhi fulani. Hapa ndipo ulipofanywa mkutano fulani. Mtoto naye, kwa kuwa watoto hawajui kunyamaza pale watu wazima wanapotaka wanyamaze, huuliza: na nani mwengine alikaa humu? Hapo mzee hushusha bakora na safari ikaendelea.

Swali hilo la mtoto ndilo tunalolichukua juma hili hadi mbali, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, ambako pana nyumba yenye sifa kubwa kuliko kimo chake. Haikuwa ya mfalme wala ya tajiri. Ilikuwa ya mwashi. Humo, mwezi wa Juni 1776, liliandikwa Tangazo la Uhuru wa Marekani, waraka uliotamka kwamba watu wote wameumbwa sawa, na kwamba Muumba wao amewapa haki ambazo hapana awezaye kuwavua. Tarehe 4 Julai 2026 yatimia miaka 250 tangu waraka huo upitishwe, na jina la aliyeuandika halikosi kutajwa kila sherehe ifikapo. Sisi twataka kutaja pia jina la kijana aliyekuwa naye nyumbani.

Mwashi huyo aliitwa Jacob Graff, mtu wa asili ya Kijerumani, mwenye mke na mtoto mchanga. Mwaka 1775 alijenga nyumba ya matofali, ya orofa tatu, penye kona ya barabara ya Saba na barabara ambayo leo yaitwa Market. Wakati huo pale palikuwa ukingoni mwa mji, mahali penye nafasi na upepo. Yeye na jamaa zake wakakaa humo, na kama wafanyavyo wengi waliokwisha kujenga, akapangisha sehemu.

Mpangaji wake wa orofa ya kati aliingia tarehe 23 Mei 1776. Alikuwa Thomas Jefferson, mwanasheria wa miaka 33 kutoka Virginia, mjumbe katika baraza la makoloni 13 yaliyokuwa yakipigana na Uingereza. Awali alikuwa amekaa katikati ya mji, kwa seremala mmoja jina lake Benjamin Randolph, lakini joto lilikuwa likija naye akataka hewa. Kwa Graff alipata vyumba viwili vyenye samani, kimoja cha kulala na kimoja sebule, kwa kodi ya shilingi 35 za zama hizo kwa juma. Alikuja na meza ndogo ya kubebeka, kisanduku hasa, ambayo aliichora mwenyewe na seremala Randolph akamtengenezea: ukiifungua kifuniko chake chawa ubao wa kuandikia, na ubavuni pana mtoto wa meza wa kuwekea wino na kalamu. Meza hiyo ingali hai. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, na wanaoiona hustaajabu udogo wake.

Tarehe 11 Juni baraza liliteua kamati ya watu watano watayarishe tangazo. Miongoni mwao walikuwa Benjamin Franklin, mzee wa miaka 70 aliyejulikana hata Ulaya, na John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa nchi hiyo. Kazi ya kuandika ikamwangukia Jefferson. Hakuwa na raha. Mkewe, Martha, alikuwa mgonjwa huko Virginia, naye alitamani kurudi. Hata hivyo alikaa katika sebule ya mwashi, akaandika, akafuta, akaandika tena, na tarehe 28 Juni rasimu ikafikishwa barazani. Siku 17 kwa jumla, na katika siku hizo alihudhuria vikao vingine na kamati nyingine. Karatasi yake ya rasimu ipo mpaka leo, imejaa mikato na maneno yaliyopachikwa juu ya mistari, mengine kwa mkono wa Franklin na mengine kwa mkono wa Adams. Wanaodhani kwamba waraka mkubwa hushuka mzima kutoka kichwani mwa mtu mmoja na watazame karatasi ile.

Sasa tumfikie kijana. Jina lake Robert Hemings, naye alikuwa na umri wa miaka 14. Alikuwa mtumwa wa Jefferson, na kazi yake ilikuwa kumshughulikia bwana wake: nguo, chakula, maji, kutumwa hapa na pale mjini. Mwaka uliotangulia, 1775, Jefferson alikuwa amemleta Philadelphia na kumlipia tabibu amchanje ndui, maana mji ulikuwa na maradhi hayo na kijana hakuwa na kinga. Hivyo basi, kila tunaposoma kwamba Jefferson alikaa peke yake katika sebule ile akiandika habari za haki za binadamu, tufahamu kwamba hakuwa peke yake nyumbani. Mlikuwa na mtu wa kumpelekea maji.

Lakini jambo halikomei hapo, na wasomaji wetu wanaojua nasaba wataelewa uzito wake kuliko wengine. Mama yake Robert, Elizabeth Hemings, alikuwa mtumwa wa tajiri mmoja wa Virginia, John Wayles. Wayles alifiwa na wake zake, akazaa na Elizabeth watoto kadhaa, na Robert ni mmojawapo. Binti wa Wayles wa ndoa ndiye Martha, mke wa Jefferson. Wayles alipofariki mwaka 1773, mali yake iligawanywa kwa warithi, na watumwa 135 wakaingia mikononi mwa Jefferson kwa upande wa mkewe. Kati yao walikuwamo Elizabeth na wanawe. Kwa maneno mengine, kijana aliyemtumikia mwandishi katika nyumba ya Graff alikuwa nduguye mkewe kwa baba. Alikuwa shemeji yake. Kwetu, shemeji akiingia nyumbani hupishwa kiti.

Hapa huenda msomaji akakumbuka hukumu ya suria kama ilivyokuwa ikifuatwa pwani hii. Mtoto wa suria, baba akimkiri, alizaliwa huru na akarithi pamoja na nduguze. Nasaba ilifuata baba. Sheria ya Virginia ilikuwa kinyume. Tangu mwaka 1662 ilikatwa kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, hata baba awe nani. Kwa hiyo Martha alirithi shamba na fedha, na Robert, damu ya baba yule yule, akarithiwa. Tunaitaja tofauti hii kwa sababu ni ya kweli, wala si kwa kujifaharisha. Tutarudi kwetu mbele kidogo, na kule hatutakuwa na la kujivunia.

Ndani ya rasimu ile Jefferson alikuwa ameandika kifungu kirefu kumshutumu Mfalme George wa Uingereza kwa biashara ya watumwa. Alimlaumu kwa kuwateka watu wa mbali wasiomkosea, kuwasafirisha hata wengine wakafa njiani, na kuliacha wazi soko ambalo ndani yake watu huuzwa na kununuliwa. Neno hilo, watu, aliliandika kwa herufi kubwa ili lisimpite msomaji. Kwa mkono wake mwenyewe, katika sebule ya mwashi, alikiri kwamba wanaouzwa sokoni ni watu. Kisha kifungu kikageuka. Lawama iliyofuata ilikuwa kwamba mfalme sasa anawachochea watu hao hao wawainukie mabwana zao. Alikuwa akisema habari za gavana wa Kiingereza wa Virginia, Lord Dunmore, ambaye mwezi wa Novemba 1775 alitangaza kwamba watumwa wa waasi wakitoroka na kujiunga na jeshi la mfalme watakuwa huru. Mamia walitoroka. Ndipo kosa la mfalme, katika kifungu kimoja, likawa mambo mawili: kuwatia watu utumwani, na kuwaahidi uhuru.

Baraza lilikifuta kifungu chote. Jefferson aliandika baadaye kwamba Carolina Kusini na Georgia ndizo zilizokataa, kwa kuwa zilitaka kuendelea kununua watumwa. Na akaongeza kwamba ndugu zao wa kaskazini nao waliona haya, kwani ijapokuwa wao hawakuwa na watumwa wengi, marikebu zilizowabeba zilikuwa zao. Kwa jumla karibu robo ya maneno ya rasimu ilikatwa. Mwandishi aliketi kimya akiumia. Mzee Franklin, aliyekuwa kando yake, akamliwaza kwa kisa cha mtengeneza kofia aliyetaka kibao cha dukani. Alikuwa ametunga maneno kueleza jina lake, kazi yake, kwamba hutengeneza na kuuza kofia, na kwamba huuza kwa fedha taslimu. Kila rafiki aliyemwonyesha alikata neno moja kuwa ni la ziada, hata pakabaki jina lake na picha ya kofia. Sisi ambao kazi yetu ni kukata maandishi ya wengine kila juma twakikubali kisa hicho kwa shingo upande.

Uhuru ulipigiwa kura tarehe 2 Julai na tangazo likapitishwa tarehe 4. Usiku ule likapelekwa kwa mpiga chapa. Jefferson, mtu asiyeacha kuandika mambo madogo, alitia katika daftari lake la siku hiyo vipimo vya joto na bei ya kipimajoto alichokinunua. Ukiyasoma madaftari yake utakuta bei za kila kitu.

Na Robert? Alirudi Virginia, akakua, akawa kinyozi mzuri. Jefferson alimwamini kiasi cha kumruhusu kusafiri peke yake, kujitafutia kazi kwa wengine na kuweka ujira wake mfukoni, mradi akiitwa aje. Alimwoa mwanamke jina lake Dolly, mtumwa wa daktari mmoja wa mji wa Fredericksburg. Ndipo akatafuta njia yake mwenyewe. Alipatana na yule daktari amtolee fedha za kumnunua kwa Jefferson, naye amlipe kidogo kidogo kwa kazi yake. Jefferson aliandika hati ya kumwacha huru mwezi wa Desemba 1794. Aliiandika akiwa amekasirika. Aliona kwamba daktari amemharibia mtumishi wake. Mwaka uliofuata binti yake Jefferson alikutana na Robert mjini Richmond, akamwandikia babake kwamba yule mtu alikuwa na huzuni kwa kuwa bwana wake wa zamani hakumwia radhi.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapo. Mtu alikuwa na umri wa miaka 14 wakati bwana wake alipoandika kwamba uhuru ni haki atokayo nayo mtu kwa Muumba wake. Alipofika miaka 32 aliinunua haki hiyo kwa fedha, na bado akahuzunika kwamba aliyemuuzia amechukizwa. Katika maisha yake yote Jefferson aliwamiliki watu zaidi ya 600. Aliowaacha huru akiwa hai ni wawili, Robert na nduguye James, na katika wasia wake akawaacha wengine watano. Alifariki tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu siku ile, na Adams akafariki siku iyo hiyo. Mwezi wa Januari uliofuata, kwa ajili ya madeni, watumwa 130 walipigwa mnada nyumbani kwake.

Wako wasemao basi kwamba maneno yale yalikuwa uongo mtupu. Hatukubaliani nao, kwa sababu waliokuwa na haki zaidi ya kusema hivyo hawakusema. Mnamo Januari 1777, hata mwaka haujatimia, watu weusi wa Massachusetts wakiongozwa na Prince Hall walipeleka ombi kwa serikali yao wakitumia karibu maneno yale yale ya nyumba ya Graff: kwamba nao wana haki ya asili, isiyoondoleka, ya uhuru. Mwaka 1791 Benjamin Banneker, mtu mweusi huru wa Maryland aliyejifundisha elimu ya nyota hata akatunga kalenda ya mwaka, alimwandikia Jefferson mwenyewe. Alimnukulia maneno yake, akamwuliza kwa adabu kamili iwaje mtu aliyeyaandika awashike nduguze kwa nguvu katika utumwa. Jefferson alijibu kwa heshima ndani ya siku chache na wala hakugusa swali. Tazama lakini lilipokaa neno sasa. Limetoka kwa mwenyewe, limeshikwa na waliokuwa hawakukusudiwa, nao wanamdai kwalo kama mtu adaivyo kwa hati yenye saini.

Wengi wenu mmesikia pia kwamba Jefferson alikuwa na Qur'ani. Ni kweli. Aliinunua mwaka 1765 akiwa angali mwanafunzi wa sheria, nayo ni tafsiri ya Kiingereza ya George Sale, katika mabuku mawili. Mwaka 1815 aliiuzia serikali maktaba yake, na tafsiri hiyo ikaingia katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako ipo hata leo. Mwaka 2007 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika bunge hilo, alishika juu yake alipoapa. Habari hii husimuliwa misikitini kwetu kwa furaha, nasi hatutaki kuipunguza. Twataka kuiongeza. Katika maktaba iyo hiyo mna daftari jingine, la Kiarabu, la mwaka 1831. Mwandishi wake ni Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro katika nchi ambayo leo ni Senegal, aliyesoma kwa miaka mingi kabla hajatekwa na kufikishwa Charleston mwaka 1807 kama mtumwa. Jefferson alikuwa rais wakati huo. Omar alikufa mtumwa. Daftari lake la maisha yake laanza na aya za Sura ya Mulk, sura inayotaja kwamba ufalme wote umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Msahafu wa rais hutazamwa na wageni wengi. Tungependa watoto wetu walijue na hili la pili.

Tuliahidi kurudi kwetu. Bibi zetu waliijua Marekani kabla hawajaiona katika ramani, kwa sababu ya kitambaa. Merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa, ililetwa na marikebu za Salem, Massachusetts, tangu miaka ya 1820 na 1830. Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani mwaka 1833, balozi mdogo wao akafika Unguja mwaka 1837, na mwaka 1840 Sayyid akaipeleka New York marikebu yake Sultana, chini ya Ahmad bin Na'aman. Merikani ilivaliwa pwani na kupelekwa bara ikawa kama fedha. Ilifumwa kaskazini mwa Marekani, na pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini. Sisi tukailipia kwa pembe, sandarusi na karafuu. Pembe zilibebwa na wapagazi ambao wengine wao walikuwa watumwa, na karafuu zilichumwa na watumwa. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 na pamba ikaadimika, wafanyabiashara wa Unguja walilia juu ya bei. Hatujui kama yupo aliyeuliza vita ni vya nini.

Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907. Hiyo si zamani ya kuhesabiwa kwa karne nyingi. Nyumba za mawe za Lamu ambazo wageni huzipiga picha, zile za orofa, zilikuwa na desturi: wenyewe walikaa juu, na chini pakawa ghala na makao ya watumwa. Twajua majina ya waliokaa juu, na vitukuu vyao twavijua. Waliokaa chini walichonga, walipika, walinyonyesha, walisoma chuoni na wengine wakawa mafundi wa kutajwa, na majina yao yako wapi? Miongoni mwetu wamo wajukuu wa waliokaa juu na wajukuu wa waliokaa chini, na walio wengi, tukisema kweli, ni wajukuu wa wote wawili kwa pamoja. Jambo hili husemwa kwa kunong'onezana wakati wa posa, likavunja ndoa ambazo zingekuwa njema. Kama upo mzee nyumbani kwako anayeyakumbuka majina hayo, muulize kwa upole, uyaandike, ukaweke pamoja na karatasi zako za shamba.

Na nyumba ya mwashi ikawaje? Graff aliiuza mwaka 1777. Ikapita mikononi mwa watu mbalimbali. Mji ukapanuka ukaipita, wafanyabiashara wa ukoo wa Gratz wakaongeza orofa ya nne, chini pakawa maduka. Mwaka 1825 tabibu mmoja wa Philadelphia alimwandikia Jefferson, mzee wa miaka 82, kumwuliza ni nyumba ipi hasa. Alijibu kwamba ilikuwa nyumba mpya ya matofali ya bwana Graff, ya orofa tatu, na kwamba aliandikia sebuleni, orofa ya pili kwa hesabu yao. Hakumtaja Robert. Watu wakaendelea kubishana kama ni nyumba ya konani au ya jirani yake, na wakingali katika ubishi huo, mwaka 1883 ikavunjwa ili ijengwe benki. Benki nayo ikaondoka kwa wakati wake, na kwa miaka kadhaa pale palipoandikwa Tangazo la Uhuru palikuwa kibanda cha vitafunio. Sisi tunaoona kila mwaka nyumba za Mji wa Kale zikigeuka ghorofa za vyuma na vioo hatuna haki ya kuwacheka.

Iliyopo leo ilijengwa upya mwaka 1975, kwa kufuata picha za ile ya kwanza, ili iwahi sherehe za miaka 200. Ni matofali mapya juu ya kiwanja cha zamani. Kwa miaka mingi mgeni aliyeingia alionyeshwa sebule, kiti cha kuzunguka, na mfano wa ile meza ndogo.

Katika kiangazi cha 2024 msanii Sonya Clark aliyageuza madirisha ya nyumba hiyo. Nyuma ya vioo, orofa zote, aliweka picha zinazosogea za macho ya watu walio hai leo, vizazi vya wale waliokuwa watumwa wa Jefferson, na miongoni mwao wazao wa ukoo wa Hemings. Hapakuwa na sura wala jina, macho tu. Yalifumba, yakafumbua, yakawaangalia wapita njia wa barabara ya Market mchana na usiku, kutoka madirisha ya orofa ile ya kati pia.